Senet ya Misri na Bao la Nyanda za Juu Kusini

Katika kaburi la Mfalme Tutankhamun wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, zilikutwa mbao kadhaa za mchezo uitwao senet. Ubao wake una miraba 30, katika safu tatu za miraba kumi kumi. Wataalamu wengi wakubaliana kwamba wachezaji wawili walirusha vijiti badala ya dadu, wakasogeza kete zao kwa mwendo wa nyoka, na aliyetangulia kuziondoa zote ndiye aliyeshinda. Zaidi ya hapo hakuna hakika. Wamisri waliwachora wachezaji makaburini, lakini sheria kamili za mchezo huo hazijapatikana. Ubao umebaki, mchezo umepotea.

Bao lichezwalo Iringa na Mbeya lina hali iliyo kinyume. Mtoto asiye na ubao huchimba vishimo ardhini na kuokota vijiwe; mvua moja hufuta yote. Sheria hubaki, kwa kuwa yupo daima mtu wa kumfundisha mwenziwe.

Anayeanza hucheza bao la kujifunza. Mashimo ni 32, katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, yaani mbili katika kila shimo. Huchota kete za shimo moja na kuzipanda mojamoja. Ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili lina kete pia, huzila hizo na kuzipanda upande wake, kuanzia kichwani, yaani pembeni mwa safu ya mbele. Ikiangukia shimo tupu, amelala. Awezaye kula hapana budi ale; asiyeweza hutakata, na zamu hiyo haili hata mwisho wake. Safu ya mbele ikiisha kete, mwenyewe ameshindwa.

Katika bao lenyewe kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na shimo moja huitwa nyumba. Ajabu ni kwamba mraba wa 26 wa senet nao uliitwa nyumba njema. Mfanano huo si ushahidi wa undugu: senet ilitegemea vijiti, na bao ni hesabu tupu, isiyo na bahati hata chembe.

Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake mwaka 1995. Iringa na Mbeya nako kuna mafundi. Mwalimu mwenye daftari aweza kuanza na swali moja kwao: mchezaji aruhusiwa lini kuichezea nyumba yake?