Soya isiyonunuliwa yurea

Ng'oa mche wa soya unaokaribia kutoa maua, usuuze mizizi, kisha pasua kwa ukucha kinundu kimojawapo cha mizizi hiyo. Ndani kikiwa cha waridi, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unalisha wageni wasiolipa chakula.

Mariangela Hungria wa Brazili amewashughulikia wageni hao tangu alipoingia Embrapa, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, mwaka 1982. Zama hizo mbolea ya chumvichumvi ndiyo iliyokuwa na heshima, na kijana aliyejikita kwenye vijidudu vya udongo alionekana anajiharibia kazi. Yeye alikuwa na mwalimu mkaidi, Johanna Döbereiner, na ukaidi huo aliurithi.

Hewa yetu ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria aina ya Bradyrhizobium, wakaao ndani ya vinundu, huibadilisha iwe chakula cha mmea. Soya nayo huwapa sukari. Hilo lilijulikana zamani. Ubishi ulikuwa kwingine: ushauri uliozoeleka ulisema udongo ukishapata bakteria hao, basi, hakuna haja ya kuwaongeza. Hungria, akiwa mjini Londrina, Brazili, alilijaribu jambo hilo mashambani. Mbegu zilizopakwa bakteria kila msimu zilizidisha mavuno kwa wastani wa asilimia 8, kwa kuwa bakteria aliyepandwa pamoja na mbegu huuwahi mzizi mchanga kabla ya wale wenyeji waliochoshwa na joto na ukame.

Baadaye akaongeza Azospirillum, bakteria ambao Döbereiner aliwatafiti sana. Hawa hawatengenezi vinundu. Huchochea mizizi irefuke na kutawanyika, na vinundu vikapata pa kukaa. Leo Brazili, inayoongoza duniani kwa soya, huilima karibu bila mbolea ya naitrojeni, na mwaka 2025 Hungria alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Anastahili, ingawa soya hiyohiyo imechangia kufyekwa kwa sehemu kubwa ya nyika za Cerrado nchini humo, na hilo vinundu haviwezi kulijibu.

Kenya nako kuna Biofix, unga wenye bakteria wa kupaka mbegu, uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Unauchanganya na mbegu kivulini, unapanda siku hiyohiyo. Ila pakiti ikiachwa juani kwenye kaunta ya duka la pembejeo, bakteria hufa, na mkulima anauziwa unga mtupu.