Je, Wajua? Mara Ukiitazama Kutoka Majini

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuzaliwa Musoma, akasoma Musoma, akaoa Musoma, na asiwahi hata siku moja kuuona mji wake kutoka ziwani? Wapo wengi. Ziwa kwao ni sato wa jioni na upepo wa dirishani. Safu ya leo inakupandisha botini: nahodha mmoja mzawa, wewe na watu wako wachache mliokodi spesho, hakuna kusubiri boti ijae.

Je, wajua fiodi ni nini? Ni bonde lililochimbwa na barafu kwa maelfu ya miaka, kisha bahari ikaingia na kulijaza. Norwei ina mabonde hayo kila upande, na wageni hutoka mbali kuja kukodi boti na mwongozaji ili wapite katikati ya kuta zake za mawe. Refu kuliko yote huko, Sognefjord, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha kama mita 1,300. Sisi hatuna fiodi. Tuna ghuba, na historia yake ni nyingine kabisa. Zamani za kale, mito ya eneo hili ilielekea magharibi. Ardhi ya upande huo ikainuka taratibu, mito ikakosa pa kupita, maji yakarudi nyuma na kuyajaza mabonde. Ndiyo maana ukingo wa ziwa kwenye ramani umekatwakatwa: rasi, ghuba, rasi tena, ghuba tena.

Na kina? Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, la kwanza Afrika, lakini pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Ni sinia pana, si mtungi. Sinia lenyewe limewekwa juu sana: uso wa maji ya Musoma uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari.

Je, wajua kwamba hapo boti inapoelea palishawahi kuwa pakavu? Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Maji yaliporudi, samaki wadogo tunaowaita furu wakazaliana na kugawanyika kuwa mamia ya aina: wa kwenye miamba, wa kwenye matope, wanaokula konokono, wanaokula mayai ya wenzao. Wanasayansi wa dunia nzima huwataja furu wa ziwa letu wanapotaka kueleza jinsi viumbe wanavyobadilika haraka. Kisha, miaka ya 1950, utawala wa kikoloni wa Waingereza ukaleta sangara. Sangara mkubwa anaweza kufikia kilo 200, na furu wakawa chakula chake. Aina nyingi hazijaonekana tena. Nasikitika kila ninapoliandika jambo hili, kwa sababu wazee wetu walikuwa na majina ya samaki ambao wajukuu wao hawatawaona kamwe. Sangara ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni, hilo halina ubishi. Lakini bei yake ililipwa na ziwa.

Je, wajua safari ianzie wapi? Mwigobero, kwenye mwalo wa mjini, alfajiri. Fika mapema uwaone wavuvi wa dagaa wakirudi. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja, taa zimezimwa, nyavu bado zinachuruzika maji. Angalia mtumbwi kwa karibu: mbao zimepigiliwa misumari, na kila ufa umeshindiliwa pamba. Hata hivyo maji huingia, kwa hiyo kuna kijana mmoja kazi yake ni kuchota. Anatumia dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Anainama, anachota, anamwaga nje bila kutazama, huku mkono wa pili umeshika ubavu wa mtumbwi. Hasimami mpaka chombo kiguse mchanga. Kina mama wanapokea, wanapima kwa ndoo, wanakwenda kuanika. Jua likipanda, dagaa waliokuwa kama sindano za fedha wanaanza kujikunja.

Na je, wajua kwamba kazi ya dagaa hufuata mwezi? Taa humvuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Basi ukitaka kuliona ziwa la usiku lenye taa nyingi kama mji unaoelea, usipange safari wakati wa mwezi mpevu.

Je, wajua moshi ule mweusi unaoinuka katikati ya maji si moshi? Mgeni hudhani kuna boti inaungua. Ni visubi wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, waliokuwa mabuu kwenye matope ya chini na sasa wameota mbawa, wamepanda kwa pamoja kutafuta wenza. Nahodha mzoefu akiliona wingu hilo huzungusha boti upande wa juu wa upepo. Asipowahi, funga mdomo.

Je, wajua ndege gani wa kutazama? Furukombe, tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, hukaa juu kabisa ya mti mkavu na sauti yake huvuka ghuba nzima. Mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki, kisha hudondoka majini kama jiwe. Minandi hukaa juu ya miamba na mbawa wazi, wanazianika. Ukifika Visiwa vya Lukuba, nje ya Ghuba ya Mara, zima injini kidogo. Kaa kimya. Huko kuna kenge wanaoota jua, na mwenye bahati humwona fisi maji akitoa kichwa, akikutazama, akizama tena.

Je, wajua mto uliotoa jina la mkoa unaishia hapa? Mto Mara huzaliwa kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara, huingia Serengeti, na baada ya kilomita zipatazo 395 humwaga maji yake katika Ghuba ya Mara, karibu na daraja la Kirumi. Mto ambao dunia huuona kwenye filamu, nyumbu wakivuka na mamba wakisubiri, hufika kwetu ukiwa umechoka na umetulia. Kabla ya kugusa ziwa hupita kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo, na mafunjo hayo huchuja tope. Mwombe nahodha akupeleke hadi ukingo wake taratibu, kwa sababu ni makazi ya viboko, na kiboko hana mzaha.

Humo humo anaishi kamongo, samaki mwenye pafu. Hupanda juu kuvuta hewa. Ukimzuia asipande, atakufa maji akiwa ndani ya maji. Mahali pakikauka hujichimbia kwenye tope akasubiri mvua.

Je, wajua ziwa hili lina majina mangapi? Waganda huliita Nalubaale. Wajaluo, Nam Lolwe. Wafanyabiashara wa pwani waliliita Ukerewe, na wengi huku Nyanza. John Hanning Speke alilifikia upande wa Mwanza mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake. Ghuba ile pana inayoonekana kutoka Bunda ikaja kuitwa kwa jina la Speke mwenyewe.

Je, wajua nani alizunguka ziwa hili kwa boti ya kuunganishwa? Machi 1875, Henry Morton Stanley aliingiza majini boti yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Aliianza safari kule Kageye, akapita Ghuba ya Speke, akafuata ukingo huu wa Mara kwenda kaskazini, na mwanzoni mwa Mei alikuwa amelizunguka ziwa lote. Vitabu vimejaa jina lake. Lakini ndani ya boti hiyo alikuwamo mwongozaji, mtu wa ziwani aitwaye Saramba. Huyo ndiye aliyekuwa akijua ni kisiwa gani kina watu wa aina gani. Sijui kwa nini hatuna mtaa wa jina lake. Kila nahodha anayekaa nyuma ya injini leo, mkono kwenye usukani na macho kwenye maji, ni mrithi wa Saramba, na ujuzi wake ndio unaoulipia unapokodi boti. Injini hata wewe unaweza kununua.

Je, wajua kwa nini ujuzi huo una thamani? Uliza kisa cha Sybil. Hiyo ni meli ya Waingereza iliyogonga mwamba huko Majita mwishoni mwa 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuwa imefika ziwani. Ilibidi iachwe hapo. Mwaka 1915 wenyewe walirudi wakaiziba na kuivuta. Meli ya chuma, manahodha wenye vyeti, na mwamba usioonekana ukawashinda. Nahodha wa Kijita huupita mwamba wa namna hiyo kwa kulinganisha mti fulani na kilima fulani. Hana ramani mkononi. Ramani aliipokea kwa baba yake.

Je, wajua kwamba Bunda ni mahali ambapo Serengeti inakaribia kugusa ziwa? Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mtu anaweza kutazama pundamilia asubuhi na jioni akala sato ufukweni Guta au Bulamba. Ukiendelea hadi Kisorya utakuta kivuko cha kwenda Rugezi, na ng'ambo yake ni Ukerewe. Humo aliishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka. Kitabu kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 baada ya kungoja miaka 35. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata.

Je, wajua Butiama inahusianaje na maji? Haipo ufukweni, iko kilomita zipatazo 40 kutoka Musoma, juu kwenye miamba ya Mwitongo. Lakini Kambarage, jina la utotoni la Mwalimu Nyerere, ni jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, alilopewa kwa sababu siku aliyozaliwa, 13 Aprili 1922, mvua ilinyesha. Mwaka 1934 aliletwa Musoma kuanza shule ya Mwisenge, ziwa likiwa jirani. Na mwaka 1962 serikali yake ilitangaza kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba wa maji ya Nile wa 1929, ambao Uingereza iliuweka na Misri na ambao uliipa Misri sauti juu ya maji ya ziwa hili. Mtoto aliyepewa jina la mvua alikuja kuyatetea maji. Maji hayo hutoka ziwani sehemu moja tu, Jinja nchini Uganda, na husafiri kama miezi mitatu kuifikia Bahari ya Mediterania.

Mwaka 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Miaka 7 baadaye TANU ilikutana Musoma, na Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto aingie shule ya msingi. Ukishuka botini saa sita mchana, muda unatosha kabisa kwenda Butiama kusimama kando ya kaburi la Mwalimu na kuiona makumbusho iliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla hajafariki.

Je, wajua kwa nini nimesema ushuke saa sita? Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawimbi huinuka alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka kila upande kwenda katikati ya ziwa, hukutana, hewa hupanda, na radi hupasuka juu ya maji wakati wavuvi wako kazini. Asubuhi ndiyo saa ya mgeni.

Je, wajua ya kukubaliana kabla ya kupanda? Mafuta ni ya nani. Mtarudi saa ngapi. Mtapita wapi. Kama mtasimama kula, nani anamlipia nahodha chakula. Yakisemwa mwaloni, majini hakuna ugomvi. Na usiogelee penye matete yaliyotulia, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda hapo hapo.

Na mwisho, je, wajua kwamba tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara ikaua zaidi ya 200? Vyombo vyote viwili vilizama nchi kavu ikiwa inaonekana. Ndugu msomaji, nahodha akikwambia maji ni shwari, mwamini. Lakini boya vaa, funga kamba zake zote, mvalishe na mtoto, ndipo boti iachie mwalo. Asiye na maboya ya kutosha, mshukuru, tafuta boti nyingine.