Uwiano wa maji na chumvi kwa mtoto mchanga

Uwiano wa maji na chumvi kwa mtoto mchanga ni hali ya mwili wa mtoto wa siku 0 hadi 28 kuwa na kiasi kinachofaa cha maji na elektroliti, yaani chumvi kama vile za sodiamu na potasiamu. Kwa kawaida maziwa ya mama peke yake hutosha kuutunza.

Hali ya mwili

Maji ni takriban asilimia 75 ya uzito wa mtoto aliyetimiza miezi tumboni, kumbe kwa mtu mzima ni kama asilimia 60. Siku za kwanza maji ya ziada hutoka, hivyo uzito unaweza kupungua hadi asilimia 10, halafu hurudi ndani ya wiki mbili hivi. Figo bado ni changa: haziwezi kubana maji vizuri yakipungua, wala kuyatoa haraka yakizidi. Mtoto njiti hupoteza maji mengi zaidi kupitia ngozi yake nyembamba.

Mahitaji

Mtoto asiyeweza kunyonya hupewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe au mpira wa puani. Siku ya kwanza hupimiwa kama mililita 60 kwa kila kilo, zikiongezwa hadi 150 hivi mwishoni mwa wiki. Basi, mwenye kilo 3 huanza na mililita 180 kwa siku, yaani 22 hivi kila baada ya saa 3.

Hatari

Akipewa maji matupu, sodiamu ya damu inaweza kushuka na kuleta degedege. Akikosa maziwa ya kutosha, sodiamu hupanda na sukari hushuka. Yote mawili yanaweza kudhuru ubongo.

Mkoani Kigoma

Wakati wa joto huko Ujiji au Kidahwe, ndugu wanaweza kudhani mtoto ana kiu. Lakini maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa asilimia 88 hivi, kuanzia dang'a. Tena maji yasiyo salama huleta maradhi: mwaka 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mtoto asiyenyonya, aliyelegea, mwenye utosi uliobonyea au asiyekojoa apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya.