Kiti cha mtoto garini hakichaguliwi kwa umri

Mama mmoja wa Sangailu alinijia alfajiri akiwa amembeba mwanawe wa miezi 14. Mkono wa kushoto wa mtoto huyo ulikuwa umelegea, na juu ya sikio palikuwa na uvimbe mkubwa kama limau. Usiku huo walikuwa wametoka Masalani. Twiga alikatiza barabara, dereva akakanyaga breki, Land Cruiser ikayumba na kusimama. Haikupinduka wala haikugonga kitu. Watu wazima wote walishuka wakijipangusa vumbi. Ni mtoto pekee aliyeumia, na ndiye pekee aliyekuwa ameketishwa kwenye kiti cha usalama.

"Daktari, kile kiti si cha mzaha," akaniambia baba yake. "Ndugu yangu ndiye aliyekileta kutoka Minneapolis."

Nilipokiona niliamini. Kilikuwa kiti kipya, kizuri, hakina ufa hata mmoja. Tatizo ni kuwa hakikuwa cha mtoto yule, wala hakikuwa cha gari lile. Ubavuni kiliandikwa kuwa ni cha mtoto wa paundi 40 kwenda juu. Paundi 40 ni kilo 18. Mtoto alikuwa na kilo 9. Isitoshe, Land Cruiser yao ni ya ile aina tuijuayo sote huku kwetu, yenye viti viwili vya mbele na mabenchi marefu nyuma ambayo abiria huketi wakitazamana. Kiti kilikuwa kimefungwa kwa kamba juu ya benchi, mtoto akielekea ubavuni. Breki ilipokamata, kiti kiligeuka na kichwa cha mtoto kikapiga fremu ya dirisha.

Mtulinga ulikuwa umevunjika. Kichwa tulikichunga siku mbili, na kwa rehema ya Mungu hapakuwa na jambo jingine. Mfupa wa mtoto wa umri huo huunga upesi, na baada ya majuma manne alikuwa akiinua mkono kama kawaida. Lakini bibi yake alikuwa amekwisha kata shauri. "Ningempakata mimi," alisema ayeyo, "haya yote yasingetokea."

Nawasikia wazazi wengi wakisema hivyo, kwa hivyo acheni nianze na mapaja ya nyanya kabla sijafika kwenye kiti.

Mikono haitoshi

Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla, mwili wa mtoto huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Kishindo cha kugonga dashibodi kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, karibu mara mbili ya kimo cha twiga. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, huvuta mikono ya anayempakata kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 140. Huo ni uzito wa gunia moja na nusu la mahindi. Hakuna ayeyo awezaye kulizuia, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na kama yeye mwenyewe hakufunga mkanda, atamwangukia mjukuu wake kwa uzito wake wote. Wako pia wanaojifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto mapajani. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu mwili wa mtu mzima humbana mtoto kwenye mkanda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kiti kinachofaa hupunguza vifo vya watoto wachanga wasafirio garini kwa kadiri ya asilimia 70. Neno la kushikilia hapo ni "kinachofaa".

Shingo ndiyo shida

Mtazame mtoto mchanga. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu ya saba au ya nane. Kichwa hicho kizito kimebebwa na shingo ambayo mifupa yake bado haijakomaa, mingi ikiwa ni gegedu laini. Gari likisimama ghafla huku mtoto akitazama mbele, mabega hushikwa na mikanda na kichwa hurushwa mbele. Shingo huvutika. Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote huegemea ganda la kiti kwa pamoja, na kishindo hutawanyika.

Waswidi waliligundua hili mapema. Mwaka 1964 mtaalamu wao Bertil Aldman alikijaribu kiti cha kwanza cha kumwelekeza mtoto nyuma, akiwa amepata wazo kwa wanaanga wa Marekani waliolazwa chali chomboni ili mgongo upokee kishindo. Hadi leo watoto wengi wa Uswidi husafiri wakitazama nyuma mpaka miaka minne hivi. Kanuni mpya ya Ulaya iitwayo R129 hairuhusu mtoto atazame mbele kabla ya miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani hawataji umri. Wanashauri atazame nyuma mpaka afikie kikomo cha kilo au cha urefu kilichoandikwa kwenye kiti.

Mimi nawaunga mkono hao wa Marekani, na sababu yangu ni ya huku kwetu. Umri unadanganya. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kadiri, aliyelishwa vyema, huwa na kilo 9.6 akitimiza mwaka, kilo 12.2 akitimiza miaka miwili, na kilo 18 na ushei akitimiza mitano. Baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, wakati mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, nimewapima watoto wengi wa miaka mitatu wasiofika kilo 12. Boksi la dukani likikuambia "miaka mitatu", halimjui mwanao. Chukua kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, tazama uzito wa mwisho ulioandikwa, kisha umpime urefu. Kwa namba hizo mbili ndipo uende dukani, au umpigie shemeji yako aliye ng'ambo kabla hajanunua.

Mtoto hupitia viti vya namna tatu. Kwanza ni cha kutazama nyuma, chenye mikanda yake mitano: miwili ya mabega, miwili ya nyonga na mmoja wa katikati ya miguu. Akizidi kikomo cha hicho, hugeuzwa mbele, bado na mikanda mitano. Akizidi hapo pia, ambapo kwa kawaida ni kilo 18 au zaidi, huketi kwenye kiti cha kumwinua tu ili mkanda wa gari umkae sawa. Hicho cha tatu ndicho alichopewa mtoto wetu wa kilo 9. Cha kumwinua huhitaji mkanda upitao begani na kiunoni. Usikitumie kamwe kwenye kiti cha gari chenye mkanda wa kiunoni peke yake. Huachwa mtoto akifikia sentimita 145 hivi, wengi wao wakiwa na miaka 10 hadi 12, mkanda ukimpita katikati ya bega na juu ya mapaja wala si tumboni.

Wazazi hupenda kumpandisha mtoto daraja haraka, kama darasa la shule. Kila akipandishwa kabla ya wakati, kinga yake hupungua.

Gari lenyewe

Kabla ya kulipa, jaribu kiti ndani ya gari litakalokibeba. Kiti cha mtoto hufungwa tu juu ya kiti cha gari kinachotazama mbele. Benchi la ubavuni halifai, hata ukilifungia kamba za ngamia. Mahali bora ni kiti cha nyuma, kama cha Probox au Prado.

Lakini mwenye Land Cruiser ya mabenchi afanyeje? Hapo pana uamuzi mgumu. Atazame dashibodi mbele ya abiria. Ikiwa pameandikwa "SRS AIRBAG", pana mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, na mtoto anayetazama nyuma asiwekwe hapo kabisa. Mfuko huo hukipiga kiti kutoka mgongoni kwa nguvu ya kuua. Magari mengi ya zamani ya aina hiyo hayana mfuko upande wa abiria. Kama haupo, mtoto aweza kukaa mbele, kiti cha gari kikiwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mkanda upite penye alama zilizochorwa kwenye kiti cha mtoto. Si mahali ambapo ningepachagua, ila ni afadhali mara nyingi kuliko benchi.

Ukishakifunga, kishike pale mkanda unapopita na ukitikise kwa nguvu. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Viti vya Marekani hutegemea mkanda wa gari unaojikaza, na magari yetu mengi yaliyotumika Japani huenda yasiwe nao. Uvute mkanda wote mpaka mwisho, kisha uuachie urudi polepole. Ukisikia mlio wa "tik tik" na haukubali tena kuvutika, unajikaza. La sivyo, utahitaji kile kibanio cha chuma cha kuushika mkanda. Wenye gari jipya zaidi wapapase penye mfinyo kati ya egemeo na kalio la kiti, huenda wakakuta vyuma vya Isofix.

Kisha mtoto. Akitazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akitazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Ikaze mpaka usiweze kuufinya mkunjo wa mkanda begani kwa vidole viwili. Usimfunge juu ya blanketi au sweta nene, hata alfajiri ya baridi. Mfunge kwanza, kisha umfunike. Mtoto mchanga alale kwa mwinamo, kwa sababu kidevu kikiangukia kifua njia ya pumzi huzibika. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi. Simameni kila baada ya saa mbili mumtoe anyooke.

Jua letu lina hila yake. Gari lililofungwa huongezeka joto kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za kwanza, na Garissa huanzia nyuzi 35. Usimwache mtoto garini hata unaposhuka kununua maji. Gusa chuma cha mkanda kwa mkono wako kabla hakijagusa paja lake. Nimetibu majeraha ya moto yenye umbo kamili la bakoli ya mkanda. Ukiegesha, funika kiti kwa leso nyeupe. Vumbi nalo huziba kifungio, basi kipulize mara kwa mara, na ukisikia hakilii "tak" kinapofungwa, kioshe kwa maji ya vuguvugu bila mafuta ya aina yoyote.

Kuhusu viti vya mtumba, mimi si mpinzani wa mtumba, shati langu hili ni ushahidi. Ila kiti kilichopita kwenye ajali kubwa huweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Nunua kwa mtu umjuaye. Tafuta tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi iliyopigwa chapa kwenye plastiki. Vingi hudumu miaka 6 hadi 10. Cha Ulaya cha kanuni ya sasa huwa na kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara na maandishi R129. Kisicho na kibandiko chochote kiache hapo hapo.

Najua wasomaji wengi wa Ijara na Hulugho hawana gari lao. Tangu kanuni za Waziri John Michuki za 2004, matatu zinatakiwa kuwa na mikanda kwa kila abiria, lakini mikanda hiyo ilikatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Kama una kiti cha mtoto, kibebe na umlipie mtoto nafasi yake. Makanga atalalamika, mwache alalamike. Kama huna, mtoto aliyepita miaka mitatu aketi peke yake nyuma, mkanda wa kiunoni ukiwa chini kwenye nyonga. Mchanga kwa kweli hana kinga ya kutosha bila kiti. Wewe jifunge, keti nyuma mbali na mlango, na umwambie dereva apunguze mwendo. Akishuka kutoka 80 hadi 50, kishindo hupungua kwa zaidi ya nusu. Juu ya lori la mbuzi sina ushauri wowote isipokuwa kutompandisha.

Yule mtoto wa mtulinga alirudi kliniki mwezi uliopita. Shemeji alituma kiti kingine, cha kutazama nyuma hadi kilo 18, na baba amekifunga mbele baada ya kuhakikisha dashibodi haina mfuko wa hewa. Kile cha kwanza kimehifadhiwa stoo. Mtoto sasa ana kilo 11, na kichwa chake kiko chini ya ukingo wa kiti kwa sentimita sita. Baba aliuliza kama si wakati wa kumgeuza mbele, maana miguu yake imeanza kukunjana kwenye egemeo. Nilimwambia miguu ikunjane tu, watoto hukaa hivyo hata mkekani. Tutampima tena baada ya miezi mitatu.