Chati ya Joto na Unyevu wa Mzinga: Njia ya Kutambua Mapema Kundi Linalojiandaa Kuhama

Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi mwanzo wa mvua za vuli, huwa ya majaribu kwa wafugaji nyuki wa Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu. Maua hupungua, malambo hukauka, na jua huchoma mizinga iliyotundikwa mahali pasipo na kivuli. Nyuki wa Afrika wana tabia ya kuhama kundi zima makazi yao yanapokosa maji, chakula au ubaridi. Mfugaji anayesubiri siku ya kurina huweza kukuta masega makavu, na mapato ya msimu yakawa yamepotea. Hata hivyo, dalili za kuhama hujitokeza mapema, na mojawapo ni joto la ndani ya mzinga.

Nyuki hulea majana katika nyuzijoto 33 hadi 36 za Sentigredi. Kukiwa na baridi, hutetemesha misuli yao ili kuzalisha joto; kukiwa na joto kali, huleta maji na kupepea kwa mabawa. Unyevu nao una kazi yake, kwani hewa ikikauka mno, mayai hushindwa kuanguliwa. Kundi linalokusudia kuhama hupunguza kwanza ulezi wa majana. Majana yakiisha, nyuki hawana tena sababu ya kutunza joto hilo, na badiliko hilo huonekana kwenye vipimo kabla mzinga haujawa mtupu.

Kifaa kinachohitajika ni kipimajoto cha kidijitali chenye waya, kinachopima pia unyevu. Ncha ya waya huwekwa karibu na masega ya majana, na kioo cha kusomea hubaki nje, hivyo mzinga haufunguliwi wala nyuki hawasumbuliwi. Kipimajoto cha pili hutundikwa kivulini nje ya mzinga kwa ajili ya ulinganisho. Vipimo vitatu kwa siku vinatosha: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni.

Vipimo huandikwa daftarini, kisha huingizwa kwenye lahajedwali, yaani programu ya kompyuta au simu yenye safu wima na safu mlalo. Kila mzinga upewe ukurasa wake. Safu A iwe ya tarehe, B ya saa, C ya joto la ndani, D ya joto la nje, E ya unyevu wa ndani, na F ya maelezo, kama vile mvua, upuliziaji wa viuatilifu kwenye pamba jirani, au kuonekana kwa wadudu.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, kompyuta haifuati saa za Kiswahili: saa 8 mchana huandikwa 14:00, la sivyo kipimo cha mchana kitahesabiwa kuwa cha asubuhi. Pili, kipimo kilichokosekana kiachwe wazi. Ukiandika sifuri, wastani utaharibika. Tatu, desimali iandikwe kwa namna moja wakati wote.

Vipimo vya siku saba ni mistari 21. Iwapo vinaanzia mstari wa pili, fomula =AVERAGE(C2:C22) hutoa wastani wa joto la ndani kwa juma hilo. Kisha huchaguliwa safu C na D na kuchorwa chati ya mstari. Kipimio cha wima kianzie nyuzi 10 na kuishia 45, ili mabadiliko madogo yaonekane. Unyevu uchorwe kwenye chati yake, kwa kuwa hupimwa kwa asilimia.

Katika kundi lenye afya, mstari wa joto la nje hupanda na kushuka kila siku, ilhali ule wa ndani hubaki karibu na nyuzi 35. Kwa mfano, asubuhi yenye nyuzi 18 nje inaweza kuwa na 34.5 ndani. Mstari wa ndani ukianza kufuata ule wa nje kwa siku kadhaa mfululizo, ulezi wa majana umedhoofika. Huenda nyuki wanajiandaa kuhama, au malkia amekufa. Ukaguzi ndio utakaothibitisha. Ikiwa joto la ndani linazidi nyuzi 36 kila mchana, mzinga unahitaji kivuli.

Hatua za kuchukua ni nafuu: kuhamishia mzinga chini ya mti wenye kivuli, kuweka karibu chombo cha maji chenye vijiti ili nyuki wasizame, na kukubaliana na majirani wapulizie dawa za pamba jioni, nyuki wakiwa wamerejea.

Chati ya unyevu haipimi ukomavu wa asali. Wakati wa kurina, yachaguliwe masega yaliyofunikwa kwa nta, kwa kuwa asali yenye maji yanayozidi asilimia 20 huweza kuchachuka.

Kumbukumbu hizi humsaidia pia afisa nyuki kutoa ushauri kwa kuzingatia hali halisi ya mzinga. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vinaweza kuzitumia kuandaa mpango wa mradi wao. Kwa maelekezo zaidi, wananchi wawasiliane na ofisi ya mtendaji wa kata au ofisi ya maliasili ya halmashauri.