Sarafu Zinazokwama Mpakani

Noti ya Uganda haina shida mjini Busia. Wabadilishaji pesa walioketi karibu na mpaka wataipokea na kukupa za Kenya kwa bei ya siku hiyo. Lakini wape sarafu, hata kama ni za mia tano tano na zimejaa kiganja, na wengi watatikisa kichwa. Sarafu ni nzito kubeba na faida yake ni ndogo mno. Basi hubaki upande huu wa Kenya, kwenye droo za vibanda, kwenye mikebe ya wauza omena, kwenye mifuko ya madereva wa malori wanaosubiri stakabadhi zao Malaba.

Kwa mtu anayetaka kukusanya sarafu, sijui shule bora kuliko mikebe hiyo. Hata hivyo, mkebe uliojaa sarafu bado si mkusanyo. Huwa mkusanyo siku mwenyewe anapochukua mbili zinazoonekana sawa, akaziweka kando kwa kando, akagundua kwamba haziko sawa, na akakataa kulala kabla ya kujua sababu.

Anza na zinazotumika leo, maana ni rahisi kupata na hakuna atakayekudanganya bei. Za Kenya zilizotolewa Desemba 2018 ni nne: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina ndovu. Mfululizo mzima unakugharimu shilingi 36. Uganda inakupa swala kwenye shilingi 50, ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu kwenye 100, samaki kwenye 200 na korongo mwenye taji kwenye 500. Ya elfu moja ilitolewa mwaka 2012, nchi hiyo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru.

Sasa weka simba wa 2018 kando ya shilingi kumi ya 2005. Ile ya zamani ina uso wa Mzee Jomo Kenyatta, hii mpya haina uso wa mtu yeyote. Jibu limo katika Katiba ya 2010, Ibara ya 231, inayokataza picha ya mtu binafsi kwenye noti na sarafu. Ukirudi nyuma zaidi utaona nyuso za marais zikipokezana: Kenyatta tangu 1966, Moi kuanzia 1980, Kibaki kwenye ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003 peke yake, kisha Kenyatta tena. Hujafungua kitabu, na tayari umeshika mkononi mabishano ya nchi nzima kuhusu nani anastahili kukaa kwenye pesa ya umma.

Kifaa cha kwanza cha kununua ni sumaku ndogo. Tafuta shilingi moja ya Uganda ya 1966 na nyingine ya 1976. Zote mbili zina korongo, zina ukubwa uleule, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Ya 1966 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sumaku haiivuti. Ya 1976 inaruka na kushikamana nayo, kwa kuwa ndani ni chuma kilichopakwa tu juu. Kati ya miaka hiyo miwili Idi Amin alitwaa madaraka, Wahindi wakafukuzwa mwaka 1972, biashara ikadorora, na shilingi ya Uganda ikapoteza nguvu. Wakati huohuo, baada ya baridi kali ya 1975 kuharibu kahawa ya Brazil, bei ya kahawa ilipanda duniani, na magunia ya Uganda yakavuka kwa magendo kutafuta shilingi ya Kenya. Soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba, lilipata jina enzi hizo. Mei 1987 Uganda ilibadili fedha yake, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na sarafu zote za awali zikawa hazinunui kitu. Nyingi ziliachiwa watoto wachezee. Ndiyo maana bado zinapatikana.

Baada ya hapo mkusanyaji hufika penye utajiri wenyewe, yaani sarafu za kabla ya uhuru, ambazo hazikujua mpaka huu. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, eneo hili la Busia lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Hata baada ya mstari kuhamishwa, pesa ilibaki moja. Senti ya alumini ya 1907, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zikilizunguka, imeandikwa majina ya himaya zote mbili, Afrika Mashariki na Uganda. Alumini haikustahimili hali ya hewa yetu, na kufikia 1909 senti hiyo ilikuwa inafuliwa kwa shaba na nikeli. Ukiipata ya alumini ikiwa bado inasomeka, itunze. Pembe zilezile zinaonekana tena kwenye senti ndogo za Uganda za 1966.

Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London, na kuanzia 1921 ikatoa shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikajiunga mwaka 1936, na baadaye ikafika hadi Aden. Hapa ndipo ninapowashauri wanaoanza wakae muda mrefu. Chukua shilingi mbili za Mfalme George wa Sita, moja ya 1946 na nyingine ya 1948. Simba ni yuleyule na kichwa ni kilekile, na sumaku haitakusaidia kwa sababu haivuti hata moja. Soma maandishi yanayozunguka kichwa. Ya 1946 inamwita mfalme pia kaisari wa India. Ya 1948 imeliacha jina hilo, kwa kuwa India ilipata uhuru Agosti 1947. Madini nayo yamebadilika: robo ya ile ya kwanza ni fedha halisi, ya pili haina fedha hata chembe. Uhuru wa Delhi umeandikwa kwenye shilingi iliyonunulia watu chumvi Malaba.

Nyingine ya kutafuta ni senti kumi ya 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Alitawala tangu Januari, akajiuzulu Desemba 11 mwaka huohuo, na huko Uingereza sarafu zenye kichwa chake hazikupata kutumika kama pesa ya kawaida. Huku kwetu senti kumi zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo hakukuwa na kichwa cha kuchonga, na zikatolewa zikiwa na jina tu. Herufi H iliyo chini inaonyesha zilifuliwa katika kiwanda cha Heaton, Birmingham, na KN ni kiwanda cha Kings Norton.

Hadithi hiyo ya Edward huwafanya watu wadhani wameshika mali nyingi. Lakini senti hizo zilifuliwa kwa mamilioni, na bei yake ni ya wastani. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizosalia, wala si umri au umaarufu. Shilingi tano ya Uganda ya 1972, yenye pembe saba, ina umri mdogo kuliko senti za Edward, lakini iliondolewa sokoni na nyingi zikayeyushwa, kwa hiyo ni adimu zaidi. Kwa hiyo ukimsikia mtu akidai kuna mnunuzi wa mamilioni anayetaka ada kidogo ya usajili kwanza, ondoka.

Hali ya sarafu nayo huamua bei. Usiisugue kwa ndimu, majivu wala stilwulu, maana ile rangi iliyokomaa ndiyo inayoshuhudia kwamba haijaguswa, na ikitoka hairudi. Ishike ukingoni, uiweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi kavu. Kisha andika daftarini mwaka, alama ya kiwanda, na hasa ilikotoka. Ukimwuliza mwenye mkebe, "Mama, hizi za tundu ulizipata wapi?" utaambiwa za babu aliyefanya kazi reli, au za mume aliyeuza pamba Tororo. Habari hiyo haiandikwi kwenye sarafu, na aliye nayo akiondoka imepotea.

Liko jambo moja la sheria ambalo wakazi wa hapa wanalihitaji kuliko wa Nairobi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Paisa ya Mombasa ya 1888, yenye mizani, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, imo. Paisa ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, nayo ikiwa iliingia Kenya zamani hizo, imo. Huruhusiwi kuitoa nchini bila kibali, na kutoka Busia hii kwenda Busia ile ya Uganda kwa miguu ni kuitoa nchini. Kama unayo na kuna mtu Tororo au Kampala anayeitaka, wasiliana kwanza na Makavazi ya Taifa ya Kenya.