Tuinue Chakula Kutoka Chini: Meza ya Mbao Jikoni



Tufikirie jambo hili. Mama anakata kuku juu ya kibao kilichowekwa chini, karibu na mafiga. Mbuzi anapita. Mtoto anatambaa hapo hapo. Kisha kibao kile kile na kisu kile kile vinakatia nyanya za kachumbari. Kesho yake mtoto anaanza kuhara.

Watu husema, "Anaota meno." Lakini meno hayaleti kuhara. Vijidudu vya uchafu ndivyo viletavyo kuhara. Kuhara humaliza maji mwilini, na mtoto mdogo anaweza kufa upesi.

Wazee wetu wa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Kuhara damu lilikuwa moja la masomo yao. Somo hilo halijaisha. Leo tuliendeleze jikoni. Tutengeneze meza ya mbao ya kutayarishia chakula, na tujifunze kuitunza.

Kuchagua mbao

Chagua mbao ngumu na kavu. Mninga unafaa sana. Ukikauka vizuri haupindi ovyo, na mchwa hawaushambulii kwa urahisi. Mvule pia unafaa. Lakini vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua. Fundi seremala ajifunge kitambaa puani na mdomoni anapoupiga randa. Nunua mbao zilizovunwa kwa kibali, ili misitu yetu isiishe.

Mbao mbichi zitakauka mezani, zitanywea na kuacha nyufa. Uchafu utaingia humo. Kwa hiyo zipange kwanza kivulini, juu ya mawe. Weka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Mbao nene huhitaji miezi mingi.

Angalia sana! Usitumie mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa. Mara nyingi huwa na rangi ya kijani. Dawa hiyo ni sumu. Hata vipande vyake usivitumie kuwa kuni, maana moshi wake una sumu. Wala usipake meza ya chakula oili chafu ya gari.

Kuitengeneza

1. Pima kimo cha mpikaji mwenyewe. Akisimama na kukunja mkono, meza iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Hapo mgongo hautamuuma.

2. Fundi apige randa kingo za mbao mpaka zikutane sawasawa, kisha aziunge kwa gundi. Pasibaki nafasi ya kupitisha hata ukucha. Uso wa meza usuguliwe kwa msasa mpaka uwe laini.

3. Uso wa meza ufungwe kwa skrubu kutoka chini. Misumari ikipigwa juu hushika kutu na uchafu.

4. Mbao hutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Skrubu za katikati zikazwe. Za pembeni zipite katika matundu marefu kidogo, ili mbao ziweze kusogea. Zikibanwa kote, zitapasuka.

5. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya meza na ukuta. Miguu ya meza ikae juu ya mawe bapa, mbali na udongo wenye maji na mchwa. Meza yenyewe iwe mbali na moto.

Kuipaka nta

Rangi ya dukani hubanduka na kuingia katika chakula. Tumia nta safi ya nyuki. Chukua sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta ya nazi. Tia katika kopo, kisha weka kopo hilo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo juu ya moto, kwa sababu nta hushika moto haraka. Paka kidogo kwa kitambaa safi, acha usiku kucha, na asubuhi futa yote yaliyobaki juu. Mafuta mengi hunuka na kuita mende. Paka tena kila unapoona maji hayatengani juu ya mbao bali yanazama.

Kuitunza kila siku

Osha meza kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya kazi. Suuza, futa, acha ikauke. Usiache maji yatuame. Usiweke sufuria ya moto juu yake. Weka kwanza kigae au tofali safi. Nyama na samaki wabichi viwe na kibao chao peke yake. Mboga za kuliwa mbichi ziwe na kibao kingine. Meza ikichanjwa na visu, isugue kwa msasa na kuipaka nta upya. Na kabla ya yote, nawa mikono kwa sabuni.

Wengine huuliza: je, mbao hazifichi vijidudu? Mwaka 1994 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio yao. Vijidudu vilivyowekwa juu ya vibao vya mbao vilizama ndani. Huko havikuzaliana, bali vilikufa polepole. Vibao vya plastiki vilivyochanjwa na visu vilikuwa vigumu kusafisha kwa mkono. Kwa hiyo tusiudharau ubao wetu. Lakini ubao usiooshwa na usiokauka ni hatari kama kitu kingine chochote kichafu.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvichumvi ya zahanati, na mpeleke kwa mganga mapema. Lakini kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwako chakula hukatiwa wapi?
2. Kwa nini mbao mbichi hazifai kwa meza ya jikoni?
3. Ni nani kijijini petu anayeweza kuanza kutengeneza meza hii, na sisi tutamsaidiaje?